Upanuzi wa Nani? Tahakiki ya Istilahi za Ubeberu wa Marekani katika Mswada wa Historia

Miongoni mwa kazi zitupitiazo sisi tunaoshughulika na istilahi ni kusoma miswada ya vitabu kabla haijapewa ithibati ya lugha. Mwaka huu ulinifikia mswada wa historia wa kurasa zipatazo mia mbili, unaoeleza kukua kwa ubeberu wa Marekani na kuenea kwake ng'ambo, tangu merikebu za biashara za karne ya 19 hadi vituo vya kijeshi vya karne ya 20. Mwandishi wake sitamtaja, kwa kuwa kazi yake haijachapishwa. Amefanya jambo la kupongezwa: ameiandika kwa Kiswahili mada ambayo wanafunzi wetu wa sekondari huisoma kwa Kiingereza, wakaikariri bila kuitafuna. Sentensi zake ni fasaha, na upatanisho wa kisarufi hauna dosari ya kutajika. Hata hivyo, nilipofika karibu na ukurasa wa arobaini, nilianza kuona kwamba baadhi ya istilahi zake zinasema mambo ambayo mwandishi hakuzituma kuyasema, na nyingine zinanyamazia yale aliyozituma. Hizo ndizo ninazozihakiki hapa.

Inanipasa nieleze kwanza namna nilivyozitambua, maana sikuzitambua mezani ofisini. Niliuchukua mswada likizoni, nyumbani kwetu Nkoaranga, katika mteremko wa Mlima Meru juu ya Usa River. Jioni, baada ya loshoro, baba mkubwa hupenda kusomewa. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, lakini masikio yangali makali. Yeye alizaliwa Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, naye alikuwa na umri wa miaka minane jamaa yao ilipoondolewa huko mwaka 1951. Nilimsomea sura ya tatu, yenye kichwa "Upanuzi wa Marekani katika Bahari ya Pasifiki". Kabla sijamaliza aya ya kwanza aliinua mkono.

"Mwanangu, upanuzi kama wa barabara?"

"Si wa barabara, baba mkubwa. Ni wa nchi."

"Barabara ikitaka kupanuliwa, kwanza huonekana alama ya X nyekundu ukutani, kisha huja tingatinga. Sasa huyo mwandishi wako amezitaja nyumba zilizopigwa X?"

Niliipekua sura nzima. Hakuzitaja.

Swali la mzee ni swali la kisarufi kabla halijawa la kisiasa. Kitenzi *panua* katika Kiswahili hudai shamirisho: mtu hupanua shamba, hupanua mlango, hupanua barabara, na aliyekaa kando ya kinachopanuliwa hujua mara moja kwamba habari hiyo inamhusu. Mwandishi wetu, akifuata sentensi za Kiingereza alizozifasiri, ameandika mara kwa mara kwamba Marekani "ilijipanua". Kiambishi *-ji-* kimemeza shamirisho. Nchi inayojipanua ni kama unga uliotiwa hamira: huumuka peke yake bakulini, wala hakuna anayesukumwa. Msomaji hufika mwisho wa sura akiwa amejifunza tarehe zote, asijue kwamba palikuwa na watu.

Chukua habari ya Hawaii. Mswada unasema kwamba "mwaka 1898 Marekani ilijipanua hadi Hawaii". Tarehe ni sahihi. Lakini Hawaii ilikuwa ufalme wenye katiba, mahakama na mabalozi. Mwezi Januari 1893 kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba, wengi wao wakiwa na asili ya Marekani, kilimpindua Malkia Liliuokalani, huku askari wa manowari ya Boston wakiwa wameshushwa pwani Honolulu. Mwaka 1897, ulipoandaliwa mkataba wa kuitia nchi hiyo mikononi mwa Marekani, wenyeji walizunguka visiwani wakikusanya sahihi za kuupinga. Zilipatikana zaidi ya 21,000, katika taifa ambalo wenyeji wake walikuwa wamebaki takribani elfu arobaini tu. Wajumbe walizipeleka Washington. Mkataba haukupata theluthi mbili ya kura za Baraza la Seneti zilizohitajiwa, na wajumbe wakarejea nyumbani wakidhani wameshinda. Mwezi Julai 1898, vita na Hispania vikiwa vimepamba moto, jambo lile lile lilipitishwa kwa azimio la kawaida la mabaraza mawili, ambalo halikuhitaji theluthi mbili. Hayo yote mwandishi anayajua, kwani yamo katika tanbihi yake. Lakini kitenzi alichokichagua hakina mahali pa kuyaweka.

Kiswahili hakikosi vitenzi vya shughuli hii. Kipo *kutwaa*, kipo *kuteka*, kipo *kumega*, kipo *kunyakua*, na kila kimoja kina uzito wake. Ningependekeza *unyakuzi* palipo na nchi iliyochukuliwa bila ridhaa ya wenyewe, kama Hawaii. *Ununuzi* palipo na fedha zilizolipwa, kama Alaska, iliyonunuliwa kwa Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Wala *ununuzi* nalo si neno la kutumiwa kwa usingizi. Kwa Mkataba wa Paris wa tarehe 10 Desemba 1898, Hispania iliiachia Marekani Puerto Rico, Guam na Ufilipino, na kwa ajili ya Ufilipino ikapokea dola milioni 20. Wafilipino walikuwa wametangaza uhuru wao tarehe 12 Juni mwaka huo huo. Mjumbe wao, Felipe Agoncillo, alikwenda Paris, akakataliwa kusikilizwa. Kiswahili kina methali na desturi za kutosha kuhusu mtu auzaye ng'ombe asiye wake. Mwandishi angeweza kusema "Marekani iliinunua Ufilipino kwa Hispania", akamwachia msomaji aulize ng'ombe alikuwa wa nani. Yeye amesema "Ufilipino iliingia katika upanuzi". Hapo sikumwelewa.

Katika sura hiyo hiyo ya Ufilipino ndipo penye kioja cha mswada huu, ambacho nakitaja kwa upendo, maana ni kosa ambalo mfasiri yeyote mwenye bidii angeweza kulifanya. Tarehe 21 Desemba 1898 Rais McKinley alitoa tangazo la kuwaeleza Wafilipino kwamba Wamarekani hawakuja kama washindi bali kama marafiki, na sera yake akaipa jina lenye maneno mawili, la kwanza likimaanisha wema, la pili likimaanisha kufananishwa na kumezwa ndani ya kingine. Mwandishi alilitafuta neno hili la pili katika orodha za istilahi, akaliona *usilimisho*, akaandika "usilimisho wa hisani". Kweli *usilimisho* ni istilahi halali. Wanaisimu wetu hulitumia sauti moja inapoivuta jirani yake ifanane nayo. Lakini liliazimwa kutoka *kusilimu*, na msomaji asiye mwanaisimu atalisoma hivyo. Atadhani Rais wa Marekani, Mkristo wa madhehebu ya Methodisti, alikusudia kuwaingiza Wafilipino wote katika dini ya Kiislamu! Na mzaha huu una upande wa huzuni, kwa kuwa katika kusini mwa Ufilipino walikuwako Waislamu, Wamoro, ambao majeshi ya Marekani yalipigana nao hadi mwaka 1913. Nimependekeza aandike kwa maneno marefu kidogo, "sera ya kuwafananisha na Wamarekani kwa wema", tena kati ya alama za mtajo, ili ijulikane kuwa ni maneno ya mwenyewe. Istilahi moja si lazima iwe neno moja. Hili tunalisema kila mwaka katika semina za wafasiri, na kila mwaka tunaletewa neno moja.

Nilipomsomea baba mkubwa sura inayofuata, ambayo ndani yake *ubeberu* linaonekana katika karibu kila sentensi, alisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika pembezoni mwa mswada: "Beberu namjua. Ana ndevu, ana harufu, na akiingia shambani anakula. Lakini beberu hana karatasi. Waliotuhamisha sisi walikuwa na karatasi."

Sipendekezi *ubeberu* lifutwe. Ni miongoni mwa istilahi zilizozaliwa kwa nguvu za lugha yenyewe. Zilipofika redioni na magazetini katika miaka ya 1960, kila mkulima alielewa bila kamusi. Lina dhihaka, lina picha, na lina hukumu. Taabu ni kwamba hukumu yake hutangulia ushahidi. Neno hili limebebeshwa pia mizigo miwili isiyolingana. Wa kwanza ni wa kitaalamu, ule wa Lenin katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1917, yaani hatua ya ubepari ambapo mtaji wa mabenki na viwanda hutafuta mahali pa kuzalia nje ya nchi yake. Wa pili ni wa zamani zaidi, yaani taifa moja kuyatawala mengine, kama walivyofanya Warumi, ambao hawakuwa na benki za aina hiyo. Mwandishi huhama kutoka maana moja hadi nyingine bila kubisha hodi. Katika ukurasa mmoja Kampuni ya United Fruit, iliyoundwa mwaka 1899 na kumiliki mashamba ya ndizi na reli katika Amerika ya Kati, ni ubeberu. Katika ukurasa wa pili Guam, kituo cha makaa ya mawe cha manowari, ni ubeberu. Katika ukurasa wa tatu filamu za Hollywood ni ubeberu. Inawezekana yote matatu ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyesoma kurasa hizo hataweza kusema tofauti ya shamba la ndizi na kituo cha manowari, na mwalimu akimwuliza, atarudia neno lile lile kwa sauti ya juu zaidi.

Kwa ukali zaidi nimeikosoa sura ya kwanza, ambamo mkataba uliotiwa sahihi Maskati tarehe 21 Septemba 1833, baina ya Sayyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, unaitwa "mwanzo wa ubeberu wa Marekani katika Afrika ya Mashariki". Mkataba ule uliweka ushuru wa asilimia tano kwa bidhaa za Wamarekani, na balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja mwaka 1837. Waliokuja walikuwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakitafuta pembe za ndovu na sandarusi. Katika pwani ile mwenye nguvu alikuwa Sultani. Mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilikwenda hadi New York ikiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, ikauza na kununua kama merikebu nyingine yoyote. Kuuita uhusiano huo ubeberu ni kuwanyima wenyeji wa wakati ule akili zao wenyewe, na lawama zao pia. Maana vitambaa vilivyoshushwa Unguja na Wamarekani viliingia bara migongoni mwa misafara, vikalipia pembe, na katika njia zile zile vililipia watu. Hiyo ni habari nzito, lakini haitajwi kwa jina la beberu wa kigeni peke yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwandishi ameipita istilahi bora kuliko zote za sura hiyo bila kuitupia jicho. Taifa la Marekani liliingia katika Kiswahili likiwa kitambaa. *Marekani*, au *merikani* kama wasemavyo wengine, ni nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa New England. Ilipendwa hata ikawa kipimo cha thamani katika njia za misafara, na mpagazi alilipwa kwa mikono ya marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoyakatia mashine pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zilipata nafasi sokoni, lakini jina lilibaki. Babu zetu walilijua vazi kabla ya kulijua taifa. Sura moja juu ya neno hili ingemfundisha mwanafunzi zaidi juu ya biashara bila bendera kuliko kurasa kumi za ubeberu.

Juu ya *koloni* na *eneo* nitasema machache. Mswada unaziita Puerto Rico na Guam "makoloni", na mhariri wa kwanza, kwa wino wa kijani, amesahihisha kuwa "maeneo", akitoa hoja kwamba Marekani yenyewe haikuziita makoloni. Mhariri amesema kweli. Mahakama Kuu ya Marekani, katika mashauri ya visiwa ya mwaka 1901, iliamua kwamba Puerto Rico ni mali ya Marekani lakini si sehemu ya Marekani kwa mujibu wa vifungu vya kodi vya katiba, na neno la Kiingereza lililotumika kwa nchi za aina hiyo ndilo lile lile ambalo Waingereza waliliambatanisha na jina la Tanganyika mwaka 1920. Lakini je, tafsiri yake ni *eneo*? Kwetu eneo ni kitu cha mpima ardhi. Lina urefu na upana, halina mababu. Hakuna Mswahili aliyezaliwa katika eneo. Ikiwa *koloni* linakiuka lugha ya sheria ya Marekani, na *eneo* linakiuka Kiswahili, napendekeza *nchi milikiwa*, kwa mfano wa *nchi lindwa*: linasema ukweli ule ule uliosemwa na majaji wa 1901, kwamba ile ni nchi na kwamba ina mwenyewe mwingine.

Sasa nafika katika neno lililonifanya niandike makala haya. Sura ya saba inahusu nchi za udhamini baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwandishi anaanza na *udhamini*, na baada ya kurasa mbili anabadili kuwa *uangalizi*, akieleza katika tanbihi kwamba *udhamini* "lina maana kali ya kimahakama isiyokusudiwa na Hati ya Umoja wa Mataifa". Mimi naona kwamba hapa ndipo Kiswahili kilipotafsiri vizuri kupita asili yake, na mwandishi anataka kuirudisha tafsiri nyuma.

Mdhamini ni nani? Kila mtu aliyewahi kusimama katika mahakama ya mwanzo anajua. Ni yule anayetia sahihi kwa niaba ya mwingine, naye mwingine akikosea au akipotea, mdhamini hulipa. Dhamana si kazi ya kutazama. Mwangalizi anaweza kuangalia nyumba ikiungua, na bado akawa ameangalia. Mdhamini hawezi.

Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1946, Uingereza ikiwa mtawala. Mwaka uliofuata visiwa vya Mikronesia, vilivyotekwa kwa Wajapani, viliwekwa chini ya udhamini huo huo, Marekani ikiwa mtawala. Tofauti ni kwamba udhamini wao uliitwa wa kimkakati na ukawekwa chini ya Baraza la Usalama, ambamo Marekani ina kura ya turufu. Zilikuwa nchi kumi na moja kwa jumla. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, mtu wa Meru na mtu wa Visiwa vya Marshall walikuwa na hali moja kisheria, na mlango mmoja wa kubisha: Baraza la Udhamini, New York.

Na wote wawili walibisha. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wafugaji; nyumba zilichomwa moto, watu wakaelekezwa Kingori. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alifika mbele ya Umoja wa Mataifa kulitetea shauri hilo. Azimio la kuwaunga mkono Wameru lilipita katika Kamati ya Nne, likashindwa kupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Msomaji atakumbuka theluthi mbili za Wahawaii. Kwao zilikuwa ngao, ikapatikana njia ya kuzizunguka. Kwetu zilikuwa ukuta, na haikupatikana.

Watu wa kisiwa cha Bikini walikuwa 167. Mwezi Februari 1946, baada ya ibada ya Jumapili, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliwauliza kama wangekubali kuondoka kwa muda, kwa faida ya wanadamu wote, ili silaha mpya ijaribiwe hapo. Mwezi Machi waliondolewa. Majaribio ya nyuklia katika visiwa vya Bikini na Enewetak yaliendelea hadi mwaka 1958. Tarehe 1 Machi 1954 bomu lililozidi makadirio ya waliolitengeneza liliwanyeshea majivu watu wa Rongelap, na mwezi Aprili Wamarshall walipeleka maombi yao rasmi katika Baraza lile lile la Udhamini, wakitaka majaribio yasimamishwe. Hayakusimamishwa. Baadhi ya Wabikini walirudi nyumbani katika miaka ya 1970, wakaondolewa tena mwaka 1978 kwa sababu ya sumu ya mionzi.

Nilipomsomea baba mkubwa habari hizo hakusema lolote kwa muda. Kisha aliuliza kama na wao walikuwa na kanisa. Nikamwambia ndiyo, waliulizwa wakitoka kanisani. Akaniuliza ni nani aliyewawekea dhamana. Nikamwambia ni Marekani, chini ya Umoja wa Mataifa. "Basi mdhamini ndiye aliyechoma," akasema. "Tangu lini?"

Sentensi hiyo haiwezi kusemwa kwa neno *uangalizi*. Jaribu. "Mwangalizi ndiye aliyechoma" ni habari ya uzembe, labda ya ulevi. "Mdhamini ndiye aliyechoma" ni mashtaka. Kwa sababu hiyo nimeandika katika ripoti yangu kwamba *udhamini* libaki katika sura yote ya saba, na tanbihi iondolewe.

Haki inanidai niongeze kwamba neno hili hili lina ushahidi mwingine, tena papo hapo Nkoaranga. Wajerumani wa Misheni ya Leipzig, walioanza kazi hapo mwaka 1902, walipozuiliwa na Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, misheni zao katika Tanganyika ziliachwa yatima, na Sinodi ya Augustana ya Walutheri wa Marekani ilizibeba. Walileta fedha na wahudumu, na baadaye kanisa likawa la wenyeji. Wazee wa usharika huongea habari hiyo kwa shukrani, na huiita dhamana bila kusita. Mswada wetu, ambao una Wamarekani wa aina moja tu, haukuweza kuipokea. Nimependekeza aya moja.

Nimependekeza pia aya nyingine juu ya filamu, badala ya ile inayosema kwamba filamu za Hollywood ni ubeberu bila kutaja hata moja. Ipo moja iliyo jirani sana. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Howard Hawks, iliyoigizwa na John Wayne, inayohusu watu wanaokamata wanyama wa porini ili wauzwe katika bustani za wanyama. Sehemu kubwa ilipigwa Momella, kandokando ya Engare Nanyuki, yapata miaka kumi baada ya nyumba kuchomwa. Jina lake ni *Hatari!* Ni mara chache neno la Kiswahili limesafiri hadi mbali namna hiyo likiwa peke yake, bila kutafsiriwa. Katika filamu ile nchi ni pana, nzuri, ina vifaru na twiga, na wenyeji wake ni wasaidizi. Mtazamaji hawezi kujua kwamba upana ule ulipatikanaje. Baba mkubwa aliiona katika sinema mjini Arusha, akaifurahia sana, hasa vifaru; aliniambia alikuwa akitazama nyuma ya magari kuutafuta mti wao.

Mswada nimeurudisha kwa mwandishi ukiwa na masahihisho ya istilahi tisa. Amenijibu kwa barua ya kiungwana: amekubali saba, *nchi milikiwa* analifikiria, na *ubeberu* hakubali kulipunguza hata mara moja, akisema kwamba kizazi chake kililipata kwa jasho. Sikumjibu juu ya hilo. Kuhusu *upanuzi*, amelifuta katika vichwa vyote vya sura, akalibakiza mahali pamoja tu, katika ukurasa wa mwisho wa sura ya Panama, ambako nami nililiwekea alama ya kukubali: Marekani ilikabidhi mfereji tarehe 31 Desemba 1999, Wapanama wakapiga kura mwaka 2006, na mwaka 2016 wakafungua malango mapya ya mfereji walioupanua wenyewe.